Mkazo na Mgeuko: Kinachopimika na Kinachokadiriwa Ndani ya Chuma na Zege

Katika sayansi ya vitu vigumu, yaani vitu kama chuma, zege, mbao na kioo ambavyo hushika umbo lake bila kuhitaji chombo cha kuvihifadhi, zipo dhana mbili zinazotajwa pamoja mara nyingi kiasi kwamba hata wanaosomea uhandisi huzichukulia kuwa majina mawili ya jambo moja. Ya kwanza ni mkazo, ambao ni kiasi cha nguvu kinachobebwa na kila sehemu ndogo ya eneo ndani ya kitu. Ya pili ni mgeuko, ambao ni kiasi ambacho kitu hicho kimerefuka, kimefupika au kimepotoka kikilinganishwa na umbo lilivyokuwa kabla ya kuguswa. Kosa hilo lina sababu yake, kwa kuwa katika vitu vingi vinavyotumika kila siku viwili hivyo hupanda pamoja na kushuka pamoja. Hata hivyo, mgeuko huonekana kwa macho au kwa hadubini, ilhali mkazo haujawahi kuonekana na mtu yeyote, na kila chombo kinachodaiwa kuupima kwa hakika hupima kitu kingine, kisha hesabu hukamilisha kazi iliyobaki.

Nondo ya kawaida ya kujengea inatosha kuonyesha tofauti hiyo. Nondo ya milimita 16, ikikatwa kwa kuvuka, huonyesha uso wa duara wenye eneo la milimita za mraba zipatazo 201. Ikiwa nondo hiyo itaning'inizwa kwenye boriti imara na kufungiwa mzigo wa tani 4 upande wa chini, mzigo huo utavuta kwa nguvu ya takriban nyutoni 40,000, na nguvu hiyo ikigawanywa kwa eneo lile, kila milimita ya mraba itakuwa imebeba nyutoni 200 hivi. Hiyo nyutoni moja kwa milimita ya mraba ndiyo wahandisi wanayoiita megapaskali, kwa heshima ya Mfaransa Blaise Pascal, na hivyo husemwa kwamba mkazo ndani ya nondo ni megapaskali 200. Wakati huohuo nondo itakuwa imerefuka, ingawa kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua: kila mita ya urefu wake itaongezeka kwa milimita 1, yaani sehemu moja kati ya elfu, na uwiano huo wa 0.001 ndio mgeuko.

Kinachofaa kuangaliwa hapo ni mambo ambayo hayakubadilika. Nondo ikiwa na urefu wa mita 3 badala ya moja, itarefuka kwa milimita 3, lakini mgeuko utabaki 0.001 kwa sababu unahesabiwa kwa kila mita, na mkazo nao utabaki megapaskali 200 kwa sababu eneo la chuma kilichobeba mzigo ni lilelile. Nondo ikiwa nyembamba, ya milimita 12, mzigo uleule utaleta mkazo wa karibu megapaskali 354, kwa kuwa chuma cha kuugawana kimepungua. Nguvu na urefu ni sifa za kitu fulani kilichopo mbele ya fundi, ilhali mkazo na mgeuko ni sifa za nyenzo yenyewe mahali fulani ndani yake, na ndiyo maana matokeo ya majaribio ya kipande kifupi cha maabara huweza kutumiwa kukadiria hali ya daraja zima. Tofauti nyingine iko katika vipimo: mkazo una kipimo chake, ambacho ni paskali, lakini mgeuko ni urefu uliogawanywa kwa urefu, hivyo hauna kipimo chochote na hubaki kuwa namba tupu, kwa kawaida ndogo sana, ambayo wahandisi huitaja kwa sehemu za milioni moja.

Safari ya kufikia uelewa huo ilikuwa ndefu kuliko vitabu vya shule vinavyodokeza. Galileo Galilei, katika kitabu alichokitoa mwaka 1638 kuhusu sayansi mbili mpya, alikwisha kutambua kwamba uwezo wa mti au chuma kuhimili kuvutwa hutegemea upana wake na wala si urefu wake, jambo ambalo ni mbegu ya dhana ya mkazo. Mwingereza Robert Hooke, ambaye mwaka 1676 alichapisha ugunduzi wake kwa herufi zilizovurugwa ili mtu mwingine asimwibie, aliufumbua mwaka 1678 kwa kueleza kwamba waya, springi na ubao hurefuka au hupinda kwa kulingana na nguvu inayowekwa. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba masomo mengi huanzia hapo kana kwamba Hooke alikuwa akizungumzia mkazo na mgeuko, wakati alichokuwa nacho mkononi kilikuwa mzigo na urefu ulioongezeka tu; springi yake ilikuwa na kanuni yake, na springi ya jirani ilikuwa na kanuni nyingine. Thomas Young, daktari na mwanafizikia wa London, aliisogeza mbele hoja katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1807, alipopendekeza kwamba kila nyenzo ina ukubwa wake wa kukataa kurefushwa ambao hautegemei umbo la kipande kinachojaribiwa, japokuwa maelezo yake yalikuwa magumu kufuatwa, na moduli inayobeba jina lake leo imeandikwa kwa namna ambayo yeye mwenyewe asingeitambua mara moja.

Hatua iliyobadilisha kila kitu ilichukuliwa na Mfaransa Augustin-Louis Cauchy, aliyewasilisha wazo lake mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka 1822. Cauchy aliomba wasikilizaji wake wafikirie kwamba kitu kigumu kimekatwa kwa uso wa kubuni, popote pale na kwa mwelekeo wowote, kisha wajiulize ni nguvu gani upande mmoja wa uso huo unauwekea upande wa pili ili pande hizo ziendelee kushikana kana kwamba hazijakatwa. Nguvu hiyo kwa kila eneo dogo la uso ndiyo mkazo. Kwa kuwa uso wa kubuni unaweza kuelekezwa kokote, jibu hubadilika kulingana na mwelekeo uliochaguliwa: upo uso ambao unavutwa moja kwa moja, upo unaogandamizwa, na upo ambao nguvu yake haivuti wala haisukumi bali huuburuta upande mmoja uteleze juu ya mwingine. Cauchy alithibitisha kwamba hali yote ya mkazo katika nukta moja inaweza kuelezwa kwa namba sita tu, na kwamba mgeuko nao una namba zake sita zinazoendana. Katikati ya miaka ya 1850 mhandisi Mskoti William Rankine ndiye aliyeweka mpaka rasmi kati ya maneno ya Kiingereza yanayotumika hadi leo kwa dhana hizo mbili, kwani kabla yake waandishi waliyatumia kwa kubadilishana.

Wazo la kwamba mkazo una mwelekeo, na kwamba mwelekeo wake si lazima ulingane na ule wa mkono unaosukuma, linaweza kuthibitishwa kwa kipande cha chaki. Chaki ikivutwa kwa ncha zake mpaka ikatike, hukatika kwa uso ulionyooka unaovuka mwili wake. Lakini ikisokotwa kwa vidole kama mtu akamuaye nguo, huvunjika kwa uso uliopinda kama mzunguko wa skrubu, ukikata mwili wa chaki kwa pembe ya nyuzi zipatazo 45. Hakuna mtu aliyeivuta chaki hiyo, ila msokoto wenyewe umezaa mvuto ndani yake katika mwelekeo wa hanamu, na kwa kuwa chaki huhimili kugandamizwa vizuri kuliko inavyohimili kuvutwa, hukatika pale ambapo mvuto ni mkubwa kuliko mahali pengine pote. Jaribio hili halina gharama, na hufundisha zaidi ya kurasa nyingi za hesabu.

Kinachounganisha mkazo na mgeuko ni nyenzo, na kiungo hicho ndicho moduli ya Young, yaani mkazo uliogawanywa kwa mgeuko wakati nyenzo bado ina uwezo wa kurudi katika umbo lake. Kwa chuma cha pua moduli hiyo ni karibu megapaskali 200,000, kwa alumini na kioo ni karibu 70,000, kwa zege la kawaida ni kama 30,000, kwa mbao zinazovutwa kufuata nyuzi zake ni kama 10,000, na kwa mpira ni chache mno, mara nyingi chini ya 100. Ukanda uliokatwa kutoka katika tyubu ya baiskeli, ule unaotumika kufungia mizigo, huweza kurefuka maradufu bila kudhurika na ukabeba mkazo mdogo tu, ilhali waya wa chuma wenye unene uleule hubeba mkazo mkubwa mara mamia huku urefu wake ukibaki karibu vilevile. Mpira una mgeuko mwingi kwa mkazo kidogo na chuma kina mkazo mwingi kwa mgeuko kidogo, na mtu anayetaja kimoja bila kingine hajasema lolote kuhusu uimara wa kitu.

Hapo pana jambo ambalo huwashangaza hata mafundi wazoefu. Nondo za daraja la juu, ambazo huvumilia megapaskali 500 kabla ya kuanza kuharibika, huuzwa kwa sifa ya kuwa na nguvu kuliko zile laini zinazovumilia 250 tu, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini moduli ya aina zote mbili ni ileile, karibu megapaskali 200,000. Maana yake ni kwamba nondo yenye nguvu si ngumu zaidi kurefushwa: kwa mzigo mmoja na unene mmoja, zote mbili zitarefuka sawasawa. Fundi anayebadilisha nondo nene za kawaida kwa nondo nyembamba za daraja la juu, akijisemea kwamba nguvu ni zilezile, atapata sakafu isiyovunjika lakini inayobonyea zaidi, kwa sababu nguvu ni habari ya mkazo na kubonyea ni habari ya mgeuko.

Zege lenye nondo ni mahali ambapo tofauti hii hufanya kazi kila siku bila wakazi wa nyumba kufahamu. Nguzo ya ghorofa inapobeba uzito wa sakafu zilizo juu yake, zege na nondo zilizomo hufupika pamoja, kwa kuwa vimeshikana na kimoja hakiwezi kufupika bila kingine. Mgeuko wao ni mmoja. Mikazo yao, hata hivyo, haifanani, kwa sababu chuma hukataa kufupishwa karibu mara saba zaidi ya zege. Ikiwa zege limebeba megapaskali 10, nondo iliyo sentimita chache kutoka hapo imebeba karibu megapaskali 67, ingawa hakuna aliyeigawia mzigo huo kwa makusudi. Upande wa boriti inayopinda hali ni ya kuvutia zaidi. Zege linapovutwa hupasuka mgeuko unapofikia takriban 0.0001, yaani milimita moja kwa kila mita kumi, ilhali nondo inayofanya kazi yake vizuri kwa mkazo wa megapaskali 200 ina mgeuko wa 0.001, ambao ni mkubwa mara kumi. Kwa hiyo zege lililoizunguka nondo hiyo lazima liwe limekwisha kupasuka, na nyufa nyembamba za chini ya boriti, ambazo kanuni za ujenzi kwa kawaida huziruhusu mpaka upana wa milimita 0.3 hivi, si dalili ya ujenzi mbovu bali ni ushahidi kwamba nondo imeanza kufanya kazi iliyowekewa. Mwenye nyumba anayeogopa kila ufa na mkandarasi anayepuuza kila ufa wote wawili wamekosa kipimo.

Kupinda kwenyewe kuliwasumbua wataalamu kwa karibu karne mbili. Galileo alidhani kwamba boriti iliyochomekwa ukutani huvunjika kwa kuzunguka kwenye ukingo wake wa chini, huku nyuzi zake zote zikivutwa kwa kiasi kimoja. Dhana hiyo haikuwa sahihi, na mihadhara ya Claude-Louis Navier iliyochapishwa mwaka 1826 ndiyo iliyoweka jibu linalofundishwa sasa, kwamba boriti iliyoegemezwa ncha zake mbili na kubebeshwa mzigo katikati hufupika upande wa juu, hurefuka upande wa chini, na katikati ya kimo chake kuna tabaka lisilorefuka wala kufupika. Kwa kuwa mgeuko huongezeka kadiri mtu anavyosogea mbali na tabaka hilo, nyenzo iliyo juu na chini kabisa ndiyo inayobeba kazi karibu yote. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, waliojenga sakafu zao kwa boriti za mikoko, walijua kwa uzoefu jambo ambalo Navier alilifikia kwa hesabu, na vyumba vyao vyembamba, ambavyo mara nyingi havipiti mita tatu, vilikadiriwa kwa kile ambacho mti wa mkoko ungeweza kukivuka bila kubonyea.

Maelezo yote hayo yanahusu eneo ambalo nyenzo hurudi katika umbo lake mzigo unapoondolewa. Chuma laini kikivutwa kupita megapaskali 250 hivi, mgeuko wake ukiwa haujafika hata 0.0015, huanza kurefuka bila mkazo kuongezeka, na kuanzia hapo hakirudi tena kilivyokuwa. Lakini hakikatiki, bali huendelea kurefuka mpaka mgeuko wa 0.2 au zaidi. Yaani sehemu ambayo wahandisi huitumia kwa kazi za kila siku ni chini ya sehemu moja ya mia ya urefukaji wote ambao chuma hicho kinaweza kuutoa, na akiba hiyo ndiyo inayofanya jengo la chuma lililozidiwa lipinde na kuonya kabla ya kuanguka. Chuma cha kusubu, ambacho kina kaboni nyingi, hakina akiba hiyo. Mskoti David Kirkaldy, ambaye mwaka 1862 alichapisha majaribio mengi ya vyuma aliyoyafanya Glasgow, alisisitiza kwamba haitoshi kuandika mzigo uliokivunja kipande, kwa kuwa chuma kizuri hupungua unene na kujitengenezea shingo kabla ya kukatika, na ni kupungua huko kunakokitofautisha na chuma kibaya. Mzigo ukigawanywa kwa eneo la awali, mkazo huonekana kama unashuka mwishoni; ukigawanywa kwa eneo la shingo lilivyo kwa wakati huo, hudhihirika kwamba mkazo halisi uliendelea kupanda mpaka dakika ya mwisho.

Mashine kubwa ya Kirkaldy, inayosukumwa kwa nguvu ya maji, ingali imesimama katika jengo lake la mwaka 1874 mtaa wa Southwark, London. Miongoni mwa vitu vilivyojaribiwa na Kirkaldy ni mabaki ya daraja la mto Tay huko Uskoti, lililoanguka kwa dhoruba usiku wa tarehe 28 Desemba 1879 treni ikiwa juu yake. Masikio ya chuma cha kusubu yaliyoshikilia vyuma vya kukaza nguzo yalivunjika kwenye mashine kwa mzigo mdogo sana kuliko uliotarajiwa, na sehemu ya sababu ilikuwa matundu ya bolti: yalisubiwa yakiwa na upana usiolingana pande mbili, hivyo bolti iliegemea ukingo mmoja tu, na mzigo uliopaswa kugawanywa kwenye eneo pana ukarundikana kwenye ukingo mwembamba. Mwaka 1898 Mjerumani Ernst Gustav Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba hata tundu la mviringo lililotobolewa vizuri katika bati pana linalovutwa huuzidisha mkazo mara tatu kwenye ukingo wake. Mkazo wa wastani haumwambii mhandisi lolote kuhusu ukingo huo.

Ikiwa mkazo hauonekani, wahandisi wanaufahamuje? Jibu la kisasa lilipatikana Marekani mwaka 1938, pale Edward Simmons wa California na Arthur Ruge wa Massachusetts, kila mmoja bila habari za mwenzake, walipogundua kwamba waya mwembamba ukigundishwa kwenye uso wa kitu hurefuka pamoja nacho, na kwa kurefuka huko ukinzani wake wa umeme hubadilika kwa kiasi kinachoweza kusomwa. Kihisi hicho, ambacho leo ni karatasi ndogo yenye utepe wa metali uliokunjwa mara nyingi, husoma mgeuko wa sehemu moja ya milioni, na wala hakijui mkazo ni nini. Mhandisi ndiye anayezidisha usomaji wake kwa moduli ya chuma na kuandika megapaskali. Mizani za barabarani, kama ile ya Vigwaza katika mkoa wa Pwani au ya Mariakani katika barabara ya Mombasa, hufanya kazi kwa kanuni hiyo: magurudumu ya lori hugandamiza vipande vya chuma vilivyo chini ya jukwaa, vipande hivyo hufupika kwa kiasi kisichoonekana, na tarakimu inayotokea kwenye kioo, ambayo katika Afrika Mashariki haipaswi kuzidi tani 56 kwa gari zima, ni mgeuko uliotafsiriwa kuwa uzito. Faini ya dereva hutokana na ufupikaji mdogo kuliko unene wa unywele.

Njia hiyo, hata hivyo, inategemea sharti ambalo husahaulika, kwamba mgeuko uliosomwa uwe umeletwa na mkazo. Joto huvunja sharti hilo. Chuma kikipashwa moto hurefuka kwa takriban sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzijoto moja, na kama kiko huru kurefuka, mgeuko huo hauambatani na mkazo wowote. Zege nalo hufanya hivyo kwa kiasi kinachokaribiana sana na cha chuma, na bila bahati hiyo ya maumbile nondo zingejitenga na zege mchana mmoja wa jua kali. Muda nao hutenganisha dhana hizi mbili: zege lililobeba mkazo usiobadilika huendelea kufupika polepole kwa miaka mingi, mpaka mgeuko wake uwe mara mbili au tatu ya ule wa siku ya kwanza, na nyaya za chuma zilizovutwa na kufungwa ndani ya madaraja hupoteza sehemu ya mkazo wake ingawa urefu wake haujabadilika. Kioo cha dirisha la pembeni la gari, ambacho hupozwa ghafla kiwandani ili uso wake ugande kabla ya kiini, hubeba mgandamizo mkubwa usoni na mvuto katikati hata kikiwa kimelala mezani bila kuguswa na kitu, na ndiyo sababu kikivunjwa mahali pamoja husambaratika chote kuwa punje.

Mfano mkali kuliko yote uko kwenye reli. Reli za zamani za njia yenye upana wa mita moja zilifungwa vipande kwa vipande kwa bolti, na kati ya kipande na kipande palikuwa na mwanya ambao uliiachia reli nafasi ya kurefuka wakati wa jua, na ndio uliokuwa ukigonga chini ya magurudumu kwa mdundo ambao abiria wote waliuzoea. Reli za kisasa, kama zile za njia ambayo treni za umeme zilianza kuitumia mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, zimechomelewa kuwa kipande kimoja kirefu na kufungwa kwenye mataruma ya zege yaliyozama katika kokoto. Joto la reli likipanda kwa nyuzi 20 juu ya lile iliyofungiwa, kila kilomita ingetaka kurefuka kwa sentimita 24, na kilomita mia kwa mita 24. Lakini mataruma na kokoto huizuia, na haisogei hata milimita. Mgeuko unaoonekana ni sifuri. Mkazo ni karibu megapaskali 50, na kwa reli nzito ya kilo 60 kwa mita, yenye eneo la milimita za mraba zipatazo 7,670, huo ni msukumo wa takriban tani 39 ndani ya kila reli, iwe njia yake ina urefu wa kilomita moja au mia nne, kwa kuwa urefu hauingii katika hesabu hiyo. Msukumo huo ukizidi uwezo wa kokoto kuyashikilia mataruma, njia hupinda ghafla kuelekea pembeni.

Kwa hiyo kinachotafutwa katika matengenezo ya reli ni joto ambalo reli haina mkazo wowote, ambalo huchaguliwa katikati ya baridi ya usiku na ukali wa adhuhuri ili reli ivutwe kidogo wakati wa baridi na isukumwe kidogo wakati wa joto. Reli inapotandikwa asubuhi yenye baridi kuliko joto hilo, mitambo ya haidroli huivuta mpaka irefuke kwa kiasi ambacho jua lingeirefusha, kisha ndipo hufungwa; mgeuko wa mitambo huchukua nafasi ya mgeuko wa joto. Ugumu hutokea miaka kadhaa baadaye, baada ya treni nyingi kupita na vipande kadhaa kukatwa na kuchomelewa upya, kwani kihisi kinachogundishwa leo kwenye reli huanza kuhesabu leo na hakiwezi kusema ni mkazo gani ulikuwamo jana. Njia ya zamani ya kuujua ni kuweka alama mbili kwenye reli, kuikata katikati yake na kupima ni milimita ngapi zimefunguka au zimejibana, kisha kuhesabu kurudi nyuma. Njia nyingine, inayofaa wakati reli iko katika hali ya kuvutwa, ni kufungua vifungo vya mita zipatazo 30, kuinyanyua reli katikati na kupima nguvu iliyohitajika, kwa kuwa reli iliyovutwa zaidi hugoma zaidi kunyanyuliwa. Zimebuniwa pia njia za kusoma mabadiliko madogo ya kasi ya sauti inayopita ndani ya chuma chenye mkazo, lakini mabadiliko hayo ni madogo mno, na hutegemea pia joto na aina ya chuma, kiasi kwamba mafundi wengi bado huamini zaidi msumeno na rula.